Siku ya kwanza mjini Huế: usingizi wa dada au pikipiki ya shemeji?

Swali: Assalaam alaykum kaka. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, tunazunguka Vietnam na mabegi ya mgongoni, na sasa tuko Hanoi. Mwanzoni mwa Aprili tutapanda treni ya usiku kwenda Huế, tutashuka asubuhi, na chumba tutapewa saa nane mchana. Shida yetu ni siku ya kwanza ya kila mji. Hanoi tuligombana tangu uwanja wa ndege mpaka usiku, hata chanzo sikikumbuki. Mume wangu anaendesha pikipiki nyumbani, na anataka tukishuka tu tukodi moja, tumalize makaburi ya wafalme siku hiyohiyo. Mimi nataka kuoga, kula kitu kisicho na nguruwe, kisha kulala. Nani yuko sahihi, na siku hiyo tuipangeje?

Jibu: Wa alaykum salaam dada, na umsalimie shemeji. Tulimalize la nani yuko sahihi kwanza: siku ya kwanza ni yako, siku ya pili ni yake. Kaburi la mfalme Minh Mạng lilikamilika mwaka 1843, halitahama usiku mmoja. Lakini sitaki mlale mpaka magharibi pia, maana mkifanya hivyo saa nane za usiku mtakuwa macho mnatazama dari, na kesho yake ndiyo itaharibika.

Angalieni mtafika na hali gani. Hanoi hadi Huế kwa reli ni kilomita 688, kama saa 13 au 14 njiani. Reli ni ya upana wa mita moja, sawa na reli yetu ya kati ya zamani, kwa hiyo ule mtikisiko mtautambua mara moja. Hata mkilipia godoro laini kwenye chumba cha vitanda vinne, usingizi unakuja vipandevipande: kituo hiki taa inawashwa, kituo kile anaingia mtu na maboksi yake, kukikucha anapita muuza uji na kahawa anasukuma kigari. Mkishuka mtajiona wazima kabisa. Uzima huo ni wa nusu saa tu, na ndani ya nusu saa hiyo ndipo watu hutoa pesa za kukodi vitu ambavyo baadaye wanajuta.

Nikiwatazama wasafiri wawiliwawili wanaofika mji mpya, ugomvi wao huwa hautokani na jambo kubwa. Unatokana na maamuzi madogo kumi yanayotakiwa kufanywa kwa pamoja, na watu wawili wenye njaa, mizigo ikiwa bado mgongoni. Dereva yupi? Bei gani? Kushoto au kulia? Kila moja linajadiliwa upya, na kila jibu la mmoja linasikika kama lawama kwa mwenzake. Dawa yake ni kugawana kazi kabla ya kushuka. Mmoja ashike simu na ramani, mwingine ashike pesa. Mwenye ramani akisema kulia, ni kulia, hata kama kushoto kulikuwa karibu zaidi. Mwenye pesa akisema bei hii hatulipi, hailipwi. Siku ya pili mnabadilishana. Linaonekana jambo la kitoto, lakini jaribuni.

Sasa kituoni. Stesheni ya Huế iko ukingo wa kusini wa Mto Hương, mwisho wa barabara ya Lê Lợi upande wa magharibi. Gesti za bei nafuu nazo ziko ukingo huohuo, kwenye vichochoro vya Phạm Ngũ Lão, Chu Văn An na Võ Thị Sáu, kama kilomita mbili kutoka hapo. Nje ya geti mtapokelewa na wapiga debe, hawana tofauti na wa stendi yoyote mnayoijua: huyu anataka kubeba begi, yule ana hoteli ya binamu yake, mwingine amekunja ramani ya makaburi na bei ya siku nzima. Tabasamuni, pitilizeni, na mwenye simu aite gari kwa programu ya Grab. Bei inaonekana kabla hamjapanda, basi hakuna cha kubishania wala na dereva wala nyumbani. Kama mna nguvu, Lê Lợi ni barabara nzuri ya kutembea, ina miti na mto uko kushoto kwenu. Katikati ya njia mtapita shule yenye lango jekundu, Quốc Học, iliyofunguliwa 1896, ambako Hồ Chí Minh alisoma akiwa kijana. Ila kwa begi la kilo kumi na mbili mgongoni, mimi ningepanda gari.

Mwenye pesa naye ana kazi moja ya kufanya ndani ya treni kabla ya kufika. Noti ya dong 20,000 na ile ya 500,000 zote ni za buluu, zote za plastiki, na zote zina sura ya Hồ Chí Minh. Tofauti yake ni mara ishirini na tano. Ndani ya teksi yenye giza, na usingizi machoni, watu wengi wametoa ile kubwa wakidhani ni ndogo. Tenganisheni: laki tano zikae mfuko wa ndani peke yake, na mfuko wa matumizi uwe na noti za 10,000 hadi 100,000 tu. Mama ntilie hatakuwa na chenji ya laki tano asubuhi hata hivyo. Na hizo karatasi za QR mtakazoziona zimebandikwa kila kibanda, mpaka kwa muuza mihogo, ni za kulipia kwa simu, hasa kwa wenye akaunti za benki za Vietnam. Nyinyi mnahitaji fedha taslimu. Laini ya simu naamini mlishaipata Hanoi. Kama bado, Viettel ina mtandao mpana, na ndiyo kampuni iliyo nyuma ya Halotel ya kwetu na Lumitel ya Burundi. Nendeni dukani kwao na pasipoti.

Chumba ni saa nane, lakini hakuna gesti ya maana itakayowaacha mlangoni saa tatu asubuhi. Waandikieni usiku mnapoondoka Hanoi, sentensi mbili tu: tunafika asubuhi, tunaomba kuacha mizigo na kuoga. Nyingi zina bafu la pamoja chini kwa ajili ya hilo hasa, na mara nyingine chumba kinakuwa tayari saa tano kwa sababu aliyekuwemo kaondoka na basi la asubuhi. Mapokezi wataomba pasipoti, kwa kuwa wanatakiwa kuwaandikisha wageni polisi. Hilo ni la kawaida, wapeni, wazipige picha, kisha mzichukue.

Kama hamjaweka nafasi mahali, msizunguke wawili na mizigo mkitafuta. Mmoja akae mgahawani na mabegi yote na kinywaji chake, mwingine aende mikono mitupu akaangalie vyumba vitatu arudi. Na anapoangalia asihadaike na kitanda kilichotandikwa maua. Atazame dirisha: vyumba vingi vya bei ya chini havina dirisha kabisa, au vina dirisha linalofunguka kwenye korido. Huế ni mji wa mvua na unyevu, chumba cha namna hiyo kinanuka ukungu na nguo hazikauki. Afungue bomba la maji ya moto aache yatiririke mpaka ahakikishe. Awashe kiyoyozi asikilize. Hapo ndipo ataje bei.

Kisha chakula, na hapa dada nitakaa kidogo kwa sababu Huế ndiyo mji unaosifika kwa mapishi Vietnam nzima, na pia ndio mji utakaokutega kama hujui.

Chakula chake maarufu ni bún bò Huế. Jina linataja ng'ombe, na kweli ndani mna nyama ya ng'ombe, tambi nene za mchele, mchaichai uliopondwa, pilipili na uduvi uliochachushwa, harufu yake inafika barabarani. Lakini supu hiyo kwa kawaida imechemshwa pamoja na kwato za nguruwe, na juu ya bakuli huwekwa vipande vya damu iliyogandishwa, vyekundu-kahawia, laini kama maini. Kwa hiyo jina lisikudanganye. Bánh bèo, vile vikeki vyeupe vya mchele vinavyokuja vimepikwa kwa mvuke ndani ya vijibakuli vidogo, vinanyunyiziwa unga wa kamba na juu yake mara nyingi kinakaa kipande cha ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka. Cơm hến, wali uliopoa wenye kombe wadogo wa mtoni, nao hutiwa ngozi hiyohiyo. Hata chè, vinywaji vyao vitamu vya maharage na nazi ambavyo mtoto wa Tanga angevipenda, kuna aina moja yenye vidonge vya wanga wa muhogo na ndani ya kidonge mna nguruwe wa kuchoma. Ndani ya kitindamlo! Inaitwa chè bột lọc heo quay. Ukiona neno heo kwenye orodha yoyote hapo Huế, ni nguruwe. Hanoi walikuwa wanaandika lợn, huku kati na kusini wanasema heo.

Habari njema ni kwamba Huế ni mji wa Wabudha wa kushika dini, na kwa sababu hiyo una vyakula vingi visivyo na nyama kuliko pengine mji mwingine wowote wa nchi ile. Tafuteni maandishi CHAY kwenye kibao: quán chay, cơm chay, bún chay. Linatamkwa kama chai, kwa hiyo hata mkikosa maandishi mtaweza kuuliza. Chakula cha chay hakina nyama, hakina mafuta ya nguruwe, hata mchuzi wa samaki hawatii, wanatumia soya. Mkiagiza bún Huế chay mtapata tambi zilezile, mchaichai uleule, pilipili ileile, na juu uyoga na tofu. Msishtuke mkiona kitu kinachofanana kabisa na soseji au kamba. Wapishi wa chay wa Huế wana ufundi wa kuunda "nyama" kwa soya na unga wa ngano, na wanajivunia kufananisha. Wabudha wengi hula chay tarehe 1 na 15 ya mwezi mwandamo, na kalenda yao hukaribiana na ya Kiislamu kwa tofauti ya siku moja au mbili. Mwezi ukiwa umejaa, wahini mapema, viti havitoshi. Kwenye nyama ya ng'ombe na kuku, uchinjaji wake hamtauthibitisha, hilo mnalijua wenyewe. Samaki na kamba wapo tele, ila kikaango kinaweza kuwa kimetoka kukaanga kitu kingine. Ndiyo maana kwa siku ya kwanza, mkiwa mmechoka na hamna nguvu ya kuhoji jikoni, naona chay ni salama kuliko vyote.

Jambo lingine ni saa. Chakula cha asubuhi huuzwa asubuhi. Mama aliyeweka sufuria kwenye kona ya kichochoro saa kumi na mbili, saa tatu na nusu ameshaosha vyombo na kona imebaki tupu. Treni ikichelewa, msioge kwanza. Acheni mabegi, nendeni mkale, bafu litawasubiri. Ulizeni bei kabla ya kukaa, kwa kuonyesha kikokotoo cha simu kama ulimi unakataa. Barafu yenye tundu katikati hutoka kiwandani, kunyweni bila wasiwasi, ila maji ya bomba yaacheni.

Baada ya kula, kahawa. Huế ndiko ilikoanzia kahawa ya chumvi, cà phê muối, mwaka 2010, na sasa imeenea nchi nzima. Ni kahawa nzito inayodondoka tone kwa tone kutoka kwenye kichujio cha bati, chini maziwa ya kopo, juu povu la krimu lenye chumvi kidogo. Mbegu yao kubwa ni robusta, jamii ileile ya kahawa ya Bukoba, kwa hiyo kali. Shemeji anywe moja. Wewe kama unataka usingizi wa mchana, iache mpaka jioni.

Kuanzia kama saa tano na nusu mpaka saa saba na nusu mji unapumzika. Mtaona mwenye duka amelala kwenye kitanda cha kukunja katikati ya bidhaa zake, feni imemwelekea. Dereva wa xích lô, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubeba watu, kajikunja kwenye kiti cha abiria, kofia usoni. Hata mngekuwa na nguvu, saa hizo hakuna cha maana cha kufanya. Kwa hiyo ule usingizi wako unaoutetea, dada, wenyeji wako upande wako. Mkikosa chumba bado, kaeni kwenye bustani ya ukingo wa mto chini ya miti, mbele ya Lê Lợi. Mkikipata, laleni, na wekeni kengele ya saa tisa. Isiwe saa kumi. Saa tisa. Swala ya adhuhuri na alasiri mtaswali chumbani: nyumbani tumezoea kuelekea kaskazini, Huế kibla ni magharibi, kikiinama kidogo upande wa kaskazini.

Sasa pikipiki, maana najua shemeji anasoma huku amekunja uso. Simkatalii kwamba anajua kuendesha. Lakini kwetu tunaendesha kushoto, Vietnam wanaendesha kulia. Kwenye barabara iliyonyooka hilo halisumbui. Linasumbua kwenye kona ya kwanza ya kushoto, kwenye mzunguko wa barabara, na pale unapotoka kituo cha mafuta peke yako bila gari la kufuata: mikono inakwenda ilikozoea. Mtu aliyepata jumla ya saa nne tu za usingizi wa vipande asijaribu hilo siku ya kwanza akiwa amempakia mkewe. Pili, pikipiki ya injini inayozidi sentimita za ujazo 50 inadai leseni inayotambulika Vietnam, na bima nyingi za safari hazilipi hata senti kama ulikuwa unaendesha bila leseni halali ya nchi ile. Asome karatasi yake ya bima usiku ndani ya treni, muda anao. Tatu, wakodishaji wengine wanataka pasipoti iwe rehani. Akiacha pasipoti, kila mkwaruzo watakaouonyesha wakati wa kurudisha ana lazima ya kuulipia. Aache pesa taslimu au aondoke. Nne, makaburi yenyewe hayako pamoja. La Tự Đức liko kama kilomita saba kutoka mjini, la Khải Định kama kumi, la Minh Mạng kama kumi na mbili, na kila moja ni uwanja mzima wa ngazi, mabwawa na malango. Matatu kwa nusu siku, mtu anabaki na picha za ngazi tu.

Hata kwa miguu, ule mwelekeo wa kulia mtauona kwenye kuvuka barabara. Tazameni kushoto kwanza. Kisha ingieni taratibu, mwendo mmoja, bila kusimama ghafla wala kurudi nyuma. Pikipiki zitawapitia mbele na nyuma, kwa sababu kila dereva ameshakisia mtakuwa wapi sekunde mbili zijazo. Ukiruka nyuma, umeharibu hesabu ya watu ishirini. Gari na basi havifanyi hesabu hiyo, viacheni vipite.

Jioni yenu basi. Saa tisa na nusu tokeni, vukeni mto kwa miguu kwenye daraja la Trường Tiền. Ni la chuma, la mwaka 1899, urefu kama mita 400, na watembea kwa miguu wana njia yao pembeni. Mkimaliza kuvuka, soko la Đông Ba liko kulia kwenu. Ingieni kabla wachuuzi hawajaanza kufunika meza. Chini ni vyakula, samaki wakavu, uduvi wa chupani, ufuta uliogandishwa kwa sukari unaoitwa mè xửng, ambao ni zawadi nyepesi kubeba. Tafuteni wauza kofia za nón bài thơ. Ni zile kofia za pembe zilizoshonwa kwa majani makavu juu ya pete za mianzi, na ukiitazama hivihivi ni kofia tu. Mwambie muuzaji aiinue kwenye mwanga: katikati ya tabaka mbili za majani linatokea umbo la daraja, mnara, na beti za shairi zilizokatwa kwa karatasi. Bei ya kwanza itakuwa ya mgeni, punguzeni kwa ucheshi kama mnavyofanya Ngamiani. Ila msifanye hivyo asubuhi na mapema siku nyingine: kwao mteja wa kwanza ndiye anayebeba bahati ya siku nzima, na ukipatana bei kisha ukaondoka bila kununua utamwachia mtu nuksi.

Watu watawatazama. Mweusi, tena dada mwenye hijabu, Huế si jambo la kila siku kama ilivyo Hanoi. Wazee watauliza mmetoka wapi, semeni Châu Phi, yaani Afrika, na sura zinalegea. Wanafunzi wataomba picha. Mkichoka, kataeni kwa mkono na tabasamu. Ni udadisi tu, ingawa mwisho wa siku nao unachosha, na ni sababu nyingine ya kutobebesha siku ya kwanza mambo mengi.

Kutoka sokoni fuateni ukingo wa kaskazini kuelekea magharibi, kilomita moja na kidogo, mpaka uwanja ulio mbele ya mnara wa bendera. Hapo mko nje ya ngome ya wafalme wa ukoo wa Nguyễn, waliotawala kutoka Huế tangu 1802 mpaka 1945, wafalme 13. Zungukeni nyuma ya mnara mtaliona lango la Ngọ Môn, na handaki lake la maji lenye mayungiyungi. Juu ya lango lile, tarehe 30 Agosti 1945, Bảo Đại alijiuzulu mbele ya umati na ufalme ukaishia hapo. Msiingie ndani leo. Tiketi ni dong 200,000 kwa mtu, uwanja wa ndani ni mkubwa, na mtakuwa mmebakiwa na saa moja tu kabla hawajafunga. Tena ndani kuna nafasi nyingi tupu, kwa kuwa vita vya mwaka 1947 na vya 1968 viliteketeza sehemu kubwa ya majumba, na asiyejua hilo akiingia amechoka anadhani ameuziwa uwanja wa nyasi. Kaeni nje. Saa kumi na moja watoto wanakuja na vishada, wazazi wanatandika mikeka, kuna mahindi ya kuchoma.

Mkiwa mmeamka wazima mno na soko halikuvutii, badala yake chukueni gari mpaka pagoda ya Thiên Mụ, ukingo huohuo wa kaskazini kama kilomita tano kutoka katikati ya mji. Hakuna kiingilio. Mnara wake wa ghorofa saba unatazama mto, na nyuma uani limehifadhiwa gari la Austin la buluu lililompeleka mtawa Thích Quảng Đức kwenye makutano ya barabara Saigon tarehe 11 Juni 1963, alipojichoma moto kupinga Wabudha kukandamizwa na serikali ya wakati ule. Vaeni vya kufunika mabega na magoti, wewe dada umeshamaliza hilo. Nawaonya jambo moja: vijana wa Huế wanaamini wapenzi wakienda Thiên Mụ pamoja huachana. Kwa historia yenu ya siku za kwanza, labda soko ni bora.

Chakula cha jioni kuleni mapema, kama saa kumi na mbili na nusu au saa moja. Huế haikeshi kama Hanoi. Daraja linawashwa taa za rangi usiku, mtaliona mkirudi.

Siku ya pili, ya shemeji. Saa moja asubuhi muwe langoni Ngọ Môn, kabla jua la Aprili halijapanda na kabla mabasi ya watalii hayajafika. Nendeni moja kwa moja jumba la Thái Hòa, lilifunguliwa tena Novemba 2024 baada ya ukarabati mkubwa, nguzo zake nyekundu zenye dragoni wa dhahabu zinang'aa mpya. Saa nne tokeni. Mchana pumzikeni kama jana. Saa nane na nusu kodini gari na dereva kwa nusu siku, mapatano yaandikwe kwenye simu: makaburi gani, kusubiri muda gani, bei ya wote wawili na siyo ya kila mtu. Chagueni mawili. Mimi ningemchagulia Minh Mạng kwa ukimya wake na mabwawa, na Khải Định kwa kuwa halifanani na lolote: nje saruji iliyokuwa nyeusi kwa mvua, ndani kuta nzima zimejazwa vigae na vioo vya rangi vilivyovunjwa vikapangwa. Lilijengwa 1920 mpaka 1931, mfalme mwenyewe alikufa 1925 kazi haijaisha.

Na kama hamu ya pikipiki bado iko palepale, siku ya kuondoka kwenda mji wa Đà Nẵng akodi dereva wa kumpakia, begi likifungwa nyuma, wapitie mlima wa Hải Vân. Tangu handaki la chini ya mlima lifunguliwe 2005, malori mengi hupita huko chini na barabara ya juu imebaki na nafasi. Ni kama kilomita 100, na vituo vya kupiga picha inakula nusu siku nzuri. Wewe kama hutaki vumbi panda treni, safari ya muda wa saa mbili na nusu au tatu hivi, na wakati wa kukata tiketi omba kiti cha upande wa kushoto kwa mwelekeo wa safari, maana bahari yote iko upande huo.